Wauzaji Watueleze Mashine za Sauti Zinasoma Fomati Gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wasomaji wengi watasema ni la matajiri tu, yaani uchaguzi wa mashine za sauti za sinema ya nyumbani, hasa zile za bei kubwa ziitwazo prosesa. Mimi nasema linatuhusu hata sisi wa vijijini, na nitaeleza kwa nini.

Nimelazimika kulisoma jambo hili kwa sababu kaka yangu, mfanyabiashara wa mjini, anajenga nyumba na ametenga chumba cha kutazamia filamu. Muuzaji alimpa vitabu vya maelezo, vyote kwa Kiingereza, na kaka akaniletea mimi kijijini nimsomee. Kila kitabu kimejaa nembo: Dolby Atmos, DTS:X, Auro-3D na nyinginezo. Muuzaji alikwisha kumwambia kwamba mashine yenye nembo nyingi ndiyo bora. Hapo ndipo ninapopingana na muuzaji huyo.

Sauti ya filamu haiwekwi katika sahani au flashi ikiwa wazi. Hufungwa kwa namna fulani ili isichukue nafasi kubwa, na namna hiyo ya kufunga ndiyo fomati. Ni sawa na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokuwa wakiandika. Asiyezijua herufi hizo hataisoma, ingawa Kiswahili ni lugha yake. Prosesa ndiyo msomaji wa barua hiyo. Huifungua sauti, ikaigawa, kisha ikaipeleka kwenye amplifaya na spika za chumba kizima. Zipo zinazotengenezwa Ufaransa, kama za Trinnov, zenye njia 16 au 32 za spika, na bei yake hupita dola 10,000 za Marekani. Fedha hizo zingejenga darasa.

Mashindano ya fomati si ya jana. Dolby Digital iliingia katika majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, na DTS ikafuata mwaka 1993 na Jurassic Park. Tangu hapo kila moja ikitoa jipya, nyingine hujibu. Dolby Atmos, yenye spika za darini, ilianza katika sinema mwaka 2012 na kufika majumbani mwaka 2014. DTS:X ikaja mwaka 2015. Auro-3D ya Ubelgiji nayo ina spika ya katikati ya dari ambayo wenyewe wameibatiza Sauti ya Mungu. Sina la kuongeza hapo.

Jambo ambalo muuzaji hakumwambia kaka ni kwamba kukosa fomati kuko kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni kukosa kidogo. Sahani ya Blu-ray yenye Dolby Atmos hubeba pia sauti ya Dolby ya kawaida, na yenye DTS:X hubeba ndani yake DTS ya zamani. Mashine isiyojua Atmos itasoma ile ya kawaida, na mtazamaji atakosa spika za darini tu. Mazungumzo atayasikia, na muziki atausikia. Aina ya pili ni kukosa kabisa: picha inakwenda, watu wanafungua vinywa, na sauti hakuna. Mnunuzi anapaswa kuiogopa hii ya pili kabla ya kuililia ile ya kwanza.

Nilipomwuliza kaka hutazama nini, alinijibu kwamba ni mpira, filamu za hapa nchini, Netflix, na muziki wa dansi wa zamani. Basi tazama. Netflix hutuma sauti yake ya kuzunguka kwa fomati ya Dolby, wala DTS haimo. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1970 hazikurekodiwa kwa ajili ya spika za darini. Mashine inaweza kuzitawanya kwa kubuni, lakini huo ni ubunifu wa mashine, si wa wanamuziki. Na Auro-3D? Filamu zake ni chache. Zaidi utaikuta katika sahani za muziki, kama zile za kampuni ya 2L ya Norway, na mwaka 2022 kampuni iliyoibuni ilifilisika, ikabidi kampuni mpya iichukue kazi yake. Tena spika zake za juu hupangwa ukutani, hali Atmos hupendelea darini, kwa hiyo anayezitaka zote mbili huongeza spika au huridhika na mpango wa nusu kwa nusu. Mtu anayesikiliza sahani hizo na ailipie, ni haki yake. Kaka hana hata moja.

Karibu prosesa zote za bei hiyo zinasoma Dolby na DTS. Kwa hiyo kwa fedha za kaka fomati si swali kubwa. Swali ni idadi ya spika ambazo chumba chake kitabeba, namna mashine inavyopima mwangwi wa chumba na kuurekebisha, na fundi atakayeitengeneza ikiharibika. Juu ya fundi, vitabu vile havisemi neno.

Sasa nije kwetu. Shule yetu ilinunua runinga kwa michango ya wazazi, baada ya mavuno. Chapa yake sitaitaja. Tukapewa flashi yenye filamu ya viumbe wa baharini. Wanafunzi wetu hawajapata kuiona bahari. Picha ilikuja safi, nyangumi akaruka juu ya maji, lakini sauti haikutoka hata kidogo. Tukamwita fundi, akaifungua, akasema spika imekufa na akatoza shilingi 15,000. Spika ilikuwa nzima, kwani taarifa ya habari ilisikika vizuri. Sauti ya filamu ile ilikuwa DTS, na runinga yetu haikuijua fomati hiyo. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba walimu wamenunua mali mbovu. Katika kijiji, Ndugu Mhariri, mnong'ono kama huo unaweza kuua mchango unaofuata.

Runinga inaachaje kusoma fomati ya tangu 1993? Si kwamba haina uwezo. Ni leseni. Mtengenezaji humlipa mwenye fomati ili mashine yake iruhusiwe kuisoma, na anaweza kuamua kutolipa. Samsung iliiondoa DTS katika runinga zake kuanzia za mwaka 2018. LG nayo iliiacha katika runinga za mwaka 2020, kisha ikairudisha katika baadhi ya zile za mwaka 2023. Runinga yetu si ya kampuni hizo, lakini mchezo ni ule ule. Hata tajiri humpata. Akichomeka deki yake kwenye runinga ya namna hii ili sauti ipitie humo kwenda kwenye prosesa, DTS inaweza kuzuiliwa njiani, na mashine ya mamilioni ikabaki kimya kama yetu. Kaka nimemwambia achomeke deki moja kwa moja kwenye prosesa.

Sisi tulipata dawa isiyo na gharama. Kijana mmoja alikuja na kompyuta yenye programu ya VLC, inayotolewa bure na chama kisicho cha biashara cha Ufaransa, akaiunganisha na runinga. Kompyuta ikaisoma DTS yenyewe na kuipa runinga sauti iliyokwisha kufunguliwa. Nyangumi akasikika, na darasa zima likapiga kelele. Wazazi waliokuwa dirishani walisikia pia, na hilo lilinifaa kuliko maelezo yangu yote.

Lakini si kila shule ina kijana mwenye kompyuta. Hivyo naliomba Shirika la Viwango Tanzania lifikirie kuagiza kwamba kila boksi la runinga, sabufa au prosesa liandikwe kwa Kiswahili fomati za sauti ambazo mashine inazisoma na zile za kawaida ambazo haizisomi. Hizi za pili ndizo muhimu zaidi, maana hakuna mfanyabiashara atakayezitangaza kwa hiari yake. Boksi letu lilieleza wati na inchi, tena kwa maandishi makubwa.

Wakati tukisubiri hilo, wenye maduka wamruhusu mnunuzi aje na flashi yake na kuijaribu katika mashine ile ile anayotaka kununua, kabla hajatoa fedha. Duka tulilonunua sisi lilikuwa na flashi yao, yenye wimbo mmoja tu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Dodoma.