Kidonda cha tumbo hakitaki mikono mingi

MJOMBA wangu alipopasuliwa tumbo baada ya utumbo wake kujipinda, nusu ya kijiji ilijaa wodini. Kila aliyefika alitaka kuona. Mama mdogo, kwa nia njema kabisa, aliinua bendeji kwa vidole vilivyotoka tu kumenya ndizi ya mgonjwa. Muuguzi hakumkemea mbele ya watu. Alimshika mkono, akampeleka kwenye mfereji wa maji, kisha akarudi kufunga kidonda upya.

Siku hiyo nilidhani muuguzi yule anajishaua. Nimebadili maoni.

Utumbo mpana umejaa viini ambavyo humo ndani havitudhuru. Balaa huanza vikiingia kwenye nyama iliyokatwa. Ndiyo sababu kidonda cha upasuaji wa utumbo huwa rahisi kutunga usaha.

Kumkinga mgonjwa huanza kabla ya kisu. Anaoga kwa sabuni. Hanyolewi tumbo kwa wembe, maana wembe huchanja ngozi na viini hupata mlango. Nywele zikizuia kazi hukatwa kwa mashine. Dawa ya kuua viini hutolewa muda mfupi kabla ya kupasuliwa. Na mwaka wa 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 13,000 katika mataifa saba, Rwanda ikiwemo. Pale wapasuaji na wauguzi wao walipobadilisha glavu na vifaa kabla tu ya kushona tumbo, wagonjwa 16 katika kila 100 walipata maambukizi. Waliofuata mazoea yao ya kawaida walikuwa kama 19. Glavu safi na vifaa safi, basi!

Lakini msomaji, hatari haiishii wodini. Kidonda chaweza kuharibika hata siku 30 baada ya upasuaji, na wakati huo mgonjwa yuko nyumbani na muuguzi ni wewe. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa bendeji. Usinyunyizie kidonda unga wa dawa za kapsuli, hata kama jirani anaapa ulimponya. Mgonjwa apate mayai na maharagwe, aache sigara, na akikohoa ajikumbatie mto tumboni.

Ukiona wekundu unaosambaa, usaha, uvundo, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usingoje siku ya kliniki. Mshono ukiachana na utumbo kuchungulia, usiusukume ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, usimpe chakula wala kinywaji, mkimbize hospitalini.

Mjomba alipona. Alipotoka hospitalini, aliyesimama mlangoni na birika na sabuni kwa wiki nne alikuwa mama mdogo. Wageni walisema ana maringo.