Hongera kwa Deni

Aplikesheni ya benki yangu inajua mshahara wangu huingia tarehe 25. Inajua nanunua luku mara mbili kwa mwezi, na ikifika tarehe 18 hivi inajua nimeishiwa. Hapo ndipo inaponiandikia, kwa jina langu la kwanza: "Hongera! Unastahili mkopo wa hadi 300,000."

Hongera ya nini jamani? Sijaoa, sijapata mtoto, sijafaulu mtihani. Na hilo "unastahili"! Kwa Kiswahili ninachokijua, mtu hustahili sifa, au adhabu.

Wenyewe wanasema ofa hii imeandaliwa kwa ajili yangu tu. Mimi meseji ya benki naisoma kama ninavyosoma hadithi fupi: nani anaongea, anataka nini, kipi hakisemwi. Kiasi cha mkopo kimeandikwa kwa tarakimu nono na Kiswahili cha bashasha. Makato yako kurasa tatu mbele, kwa Kiingereza, ndani ya masharti ambayo mama yangu, mteja wa benki hiyohiyo, hawezi kuyasoma hata akivaa miwani. Jina lake wanalijua. Lugha yake je?

Na msiniambie Kiswahili hakina maneno. Watu wa pesa ni mafundi wa maneno wakitaka. Kenya, M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na tozo hiyo ikaitwa ada, si riba. Kopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, ujumlishe: asilimia 90. Ada ni neno la shule, la mganga, halimshtui mtu. Riba inashtua, hasa kwa Mwislamu. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, na aliyechagua jina hilo nampa heko kwa ukweli wake: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kupumzika.

Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno manne, na bei imo. Benki, yenye takwimu zangu zote, ingeshindwa nini kuniandikia: "Ukichukua 300,000 leo, tarehe 25 tutakata 327,000. Mshahara utakaobaki, kwa matumizi yako ya kawaida, utaisha tarehe 8"? Sentensi mbili tu. Hazihitaji mtaalamu kutoka nje. Zinahitaji mhariri mmoja aliyeruhusiwa kutaja bei, na ninaowafahamu mimi wengi wako mtaani, hawana kazi.