Ploti ya Mathe Si Dipositi Yako

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo tuambiane ukweli. Kuna wazo linazunguka kwa vijana wetu walioko Nairobi, na husemwa kwa sauti ya mtu mwenye akili sana: "Ile ploti ya nyumbani inakaa tu. Si tuiuze, kila mtu achukue yake, mimi nipate dipositi ya nyumba?"

Inakaa tu? Manze, hiyo ploti inaamka mapema kukuliko.

Pita Nyanchwa, Mwembe ama Daraja Mbili tarehe za kulipa kodi. Hivyo vyumba vimejaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, watu wa hospitali, walimu na vijana wa boda. Kodi yao ndiyo inanunua dawa ya presha ya mathe. Ndiyo ilikulipia karo. Mathe aliyeuza ndizi soko la Keroka miaka yote hiyo hana pesheni popote. Pesheni yake ni hizo bati na hizo milango.

Haya, tupige hesabu. Tuseme ploti ina vyumba 8, kila kimoja 4,000. Hiyo ni 32,000 kwa mwezi. Mnaiuza milioni 4, mko wanne, unashika milioni 1. Na hapo bado KRA, ambao tangu Januari 2023 wanachukua asilimia 15 ya faida ya mauzo. Ploti iliyonunuliwa zamani kwa bei ya chini, faida yake kwenye karatasi ni kubwa.

Sasa unatafuta nyumba ya milioni 5 Nairobi. Milioni yako inakuwa dipositi, benki inakukopesha 4. Kwa riba ya asilimia 14, miaka 20, utalipa karibu 50,000 kila mwezi. Mathe naye hana tena 32,000 zake. Ataomba nani? Wewe. Yaani umejitwika mkopo na ukaua mfuko uliokuwa unambeba mamako, halafu unasema umeendelea.

Na mkishauza, sahau kurudi. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba Kaunti ya Kisii. Kipande kikitoka mkononi, hutakinunua tena kwa bei uliyouzia.

Kuna wengine hata hawangoji. Mzee akizikwa tu, vijana wa kiume wameshaita mnunuzi, hati bado iko kwa jina la marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mali. Pale ambapo mzee hakuacha wosia, mjane ana haki ya kufaidi mali hiyo maisha yake yote. Na dada yako aliyeolewa Nyamira ni mtoto kama wewe, jina lake liko kwenye hesabu. Kumficha kikao cha familia ni wizi, hata kama wazee wamekaa hapo wakinywa chai.

Najua mtasema nyumba ni ghali na mshahara ni kidogo. Kweli kabisa, na hasira hiyo ni halali. Lakini zamani kijana wa Kigusii akishatahiriwa alikuwa na esaiga, nyumba yake ya kwanza, ndani ya boma la babake. Alipata pa kulala na hakuna aliyeuza nyumba ya mama.

Kwa hivyo anzeni hapo. Keti na ndugu zako, wote, wasichana pia. Mkubaliane sehemu ya kodi iingie sacco kila mwezi baada ya mahitaji ya mathe. Ongezeni vyumba kama nafasi iko. Ukitaka keja ya Nairobi, weka akiba kwa jasho lako, hata ikichukua miaka 8.

Mathe akiamua mwenyewe kuuza, bila kusukumwa, hiyo ni mali yake na sina neno. Lakini ukienda nyumbani Desemba, kabla hujafungua mdomo kuhusu mnunuzi, muulize swali moja: "Mama, kodi ya mwezi huu imefanya nini?" Halafu nyamaza, usikilize mpaka amalize.