Haki ya Ndoa Hainunuliwi

Umezuka mtindo wa kuwapotosha wananchi ambao hatuna budi kuukemea. Mume na mke wanapofikishana mbele ya sheria, hujitokeza watu wa kuwanong'oneza kwamba asiye na wakili amekwisha kushindwa. Kwa hofu hiyo mama huuza mbuzi wake, na fedha zikaishia mifukoni mwa vishoka wanaojifanya wanasheria.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikutungwa kwa ajili ya matajiri. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, shauri la talaka halifunguliwi kabla ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kuthibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wawili hao. Mwananchi anayemlipa kishoka na kukimbilia mahakamani bila hati hiyo amepoteza fedha na wakati. Akishaipata, aweza kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa, na wadaawa walijieleza wenyewe kwa Kiswahili.

Je, wakili hana kazi? Anayo. Penye mgogoro wa nyumba na mashamba, au panapokatwa rufaa, ni hatari mmoja kuwa na wakili na mwenzake kusimama mikono mitupu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, lakini wanawake waliomfuata walipata msingi wa kusimamia. Hata hivyo, msingi huo haumfai mama asiyeujua, wala asiyeweza kuonyesha mahakamani alichochuma na alichotunza.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "nitampata wapi wakili?" bali "sheria inasemaje, na ushahidi wangu ni upi?" Anayehitaji wakili na hana uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemfungulia njia ya kusaidiwa bila malipo. Viongozi wa vijiji na mitaa wana wajibu wa kuyaeleza haya katika mikutano, tena bila kungoja ndoa zivunjike. Sheria isiyojulikana na mnyonge ni fimbo mkononi mwa mwenye nguvu.