CD4 HAIUZWI MNADANI (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Kahama, Katoro, Nyarugusu na kote kwenye maduara, leo nawasema wauza unga. Mnawajua. Anakuja mnadani na spika, anatangaza "dawa ya kupandisha CD4", halafu anainua karatasi ya majibu ya mtu: kabla na baada. Watu wanatoa hela.

Sasa sikiliza CD4 inahesabiwaje. Damu yako inawekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Haigandishwi, wala haikai wiki. Kama kituo chenu hakina mashine, inasafirishwa hadi maabara inayohudumia vituo vingi. Kule inatiwa rangi inayoshika seli za kinga za CD4, kisha seli zinapita moja moja mbele ya mwanga wa leza na mashine inahesabu zilizong'aa. Basi. Ni hesabu ya damu ile, ya siku ile.

Na hesabu hiyo inacheza. Asubuhi huwa chini kuliko jioni. Ukiumwa inashuka. Ukiwa mjamzito maji ya damu yanaongezeka, seli zinaonekana chache, ukishajifungua zinapanda. Tuseme ulipimwa na mimba ukapata 340, baada ya kujifungua ukapata 480. Katikati hapo ulikunywa unga wa elfu ishirini. Nani kapandisha? Ni mwili kurudi hali yake, na ARV ulizokuwa unameza kimyakimya! Sifa kachukua mwenye spika.

Kinachoniuma ni mama anayeona namba imepanda, anaacha ARV, "nimepona", na huku ananyonyesha. Virusi vinarudi kwa wingi ndani ya wiki chache, hadi kwenye maziwa. CD4 hushuka taratibu, kwa hiyo karatasi inaweza kuonekana nzuri wakati mtoto anaambukizwa.

Mtasema, nesi, mbona CTC siku hizi hawapimi CD4 kila mara? Tangu 2016 Tanzania kila mwenye VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 ishuke. Kinachofuatilia dawa ni kipimo cha wingi wa virusi. Lakini CD4 ina kazi yake: ukianza dawa, au ukirudi baada ya kuziacha. Ikiwa chini ya 200, utafutiwe TB na fangasi wa ubongo mapema. Baba watoto akirudi machimboni amekonda, anakohoa, na dawa aliziacha, mpeleke aombe kipimo hicho.

Na mwenye spika akiinua karatasi yake, muulize mbele za watu: ya wingi wa virusi iko wapi?