Mavuno ya kugawana: Deni huandikwa, haki ya mlimaji husemwa tu

MTU anayelima shamba la mwenzake viungani mwa Thika na Ruiru kwa makubaliano ya kugawana mavuno huanza msimu akiwa na ahadi ya mdomo na deni. Mwenye ardhi hutoa shamba, na pengine mbegu na mbolea. Mlimaji hutoa nguvu zake. Wakati wa kuvuna, gharama ya pembejeo hukatwa kwanza, kisha kinachosalia hugawanywa. Mvua ikikatika mapema, hakuna cha kugawana, na deni husukumwa hadi msimu ufuatao.

Mzozo unapozuka, suala si nani anayemiliki ardhi, kwa kuwa hatimiliki hujibu hilo. Suala ni nani mwenye mahindi yaliyo shambani siku wawili hao wanapokosana.

Suala hilo si geni katika eneo hili lililokuwa la mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi. Kabla ya 1918, baadhi ya walowezi waliwaruhusu Waafrika kulima na kufuga katika ardhi hiyo kwa malipo ya kodi au sehemu ya mazao. Sheria ya mwaka huo iliharamisha mtindo huo na kumtaka skwota alipe kwa kazi, siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270, na kupunguza ekari na mifugo ya skwota. Aliyelima akahesabiwa kuwa kibarua, wala si mpangaji.

Sheria hizo hazipo tena, lakini mlimaji asiye na maandishi bado ni mnyonge. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, kukodisha ardhi ya kilimo katika maeneo inakotumika kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi linafaa kuwasilishwa katika muda wa miezi sita. Bila idhini, makubaliano ni batili. Sheria humruhusu aliyelipa kudai malipo yake kama deni. Hata hivyo, mlimaji wa kugawana mavuno aghalabu hakulipa pesa. Alitoa jasho, na jasho ni vigumu kulithibitisha mahakamani.

Hatari imeongezeka kadiri mashamba ya kahawa ya Ruiru yanavyogeuzwa kuwa mitaa ya makazi, hasa tangu kukamilika kwa barabara kuu ya Thika mnamo 2012. Ardhi inapouzwa, huenda mnunuzi asifungwe na ahadi asiyoijua.

Wamiliki nao wana hofu yao. Wengi huepuka maandishi wakidhani yatampa mlimaji msingi wa kudai shamba baada ya miaka 12. Ukweli ni kinyume. Dai la aina hiyo humfaa aliyekalia ardhi bila ruhusa ya mwenyewe. Mkataba unaoonyesha kwamba ruhusa ilitolewa humkinga mmiliki.

Kwa hivyo, karatasi moja ingewafaa wote wawili: ekari zinazolimwa, thamani ya pembejeo, kiwango cha kila mmoja, na nani atavuna iwapo shamba litauzwa au mavuno yatakosekana. Lisipoandikwa hilo la mwisho, hasara ya kiangazi itaendelea kubebwa na mlimaji peke yake.