Tumbawe Ndani ya Kioo na Hesabu ya Chokaa

Mwanafunzi wa sekondari apulizapo pumzi katika maji ya chokaa na kuyaona yakigeuka meupe kama maziwa, huambiwa kuwa amethibitisha kuwapo kwa dayoksaidi ya kaboni, na somo huishia hapo. Ni nadra kuambiwa kwamba maji hayohayo hutumiwa na wafugaji wa matumbawe, hasa wa Ulaya na Marekani, kuyapatia matumbawe yao vitu vya kujengea mifupa. Wala kwamba chokaa iliyoshikamanisha mawe ya majumba ya kale ya Kilwa na Lamu ilitokana na matumbawe yaliyochomwa tanuri. Kemia ni moja, ila hufundishwa vipande vipande.

Kufuga matumbawe nyumbani si jambo geni. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyoyatunza katika tangi kwa maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai, mwanga na mapovu ya hewa. Tangu hapo zimebuniwa taa, pampu na vipimo vya kila namna, na fahari ya vyombo hivyo imefunika jambo la msingi: afugaye tumbawe hana budi kufuga maji kwanza.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfaa mwenyeji wake. Chini ya nyama hiyo hujengwa mfupa wa kabonati ya kalsiamu. Kwa kila moli moja ya mfupa, maji hupoteza moli moja ya kalsiamu na moli mbili za bikabonati. Baharini upungufu huo hauonekani, kwa kuwa maji ni mengi na hayatulii. Katika kioo huonekana upesi.

Msomaji na achukue tangi la lita 200. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, hivyo tangi zima lina gramu 84. Ualkali wake, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, ambao kwa sehemu kubwa hutokana na bikabonati, ni kama milimoli 2.3 kwa lita. Tangi zima lina milimoli 460. Sasa matumbawe yajenge gramu 10 tu za mfupa. Kalsiamu itakayotumika ni gramu 4, ambayo haifiki asilimia 5 ya akiba. Lakini ualkali utakaotumika ni milimoli 200, zaidi ya asilimia 40! Ndiyo sababu mtu aweza kupima kalsiamu, akaridhika, na matumbawe yake yakaacha kukua mbele ya macho yake. Aongezapo kloridi ya kalsiamu ili kuyasaidia, huongeza kile ambacho hakijapungua.

Maji ya chokaa yana sifa ya kurudisha vyote viwili kwa uwiano uleule yalivyotolewa. Hidroksidi ya kalsiamu hukutana na dayoksaidi ya kaboni iliyomo majini, na matokeo yake ni kalsiamu na bikabonati. Gramu 10 za mfupa huhitaji karibu lita 5 za maji ya chokaa yaliyokolea, yanayotiwa tone kwa tone badala ya maji matamu yaliyokuwa yafidie mvuke. Yakimiminwa kwa pupa, pH hupanda kwa ghafla, na kabonati huganda na kuzama kama vumbi jeupe kabla ya kumfaa mnyama yeyote. (Chumvi, kwa upande wake, haitoki na mvuke, anayefidia mvuke kwa maji ya bahari huikoleza siku hadi siku.)

Wapo watakaosema kwamba shule za pwani, zenye miamba ya matumbawe karibu, zingefanya vyema kuweka tangi la matumbawe hai, kwani mwanafunzi huvutwa na kitu chenye uhai kuliko chupa ya maji. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaanzia mwisho. Umeme ukikatika usiku mmoja, tangi dogo hukosa hewa na joto lake hubadilika. Na maji yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi chache, mwani huondoka na tumbawe hubaki jeupe, kama ilivyotokea katika miamba mingi ya Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998. Miamba iliyopata pigo la aina hiyo haistahili kupunguziwa hata kipande kwa ajili ya majaribio ya watu ambao bado hawajapima maji.

Tena bahari yenyewe imeingia katika hesabu hii. Katika bahari ya kutengenezwa ya Biosphere 2 huko Arizona, yenye maji zaidi ya lita milioni 2, Chris Langdon na wenzake walibadilisha kemia ya maji na kuona ujenzi wa mifupa ukipungua kadiri kabonati ilivyopungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Bahari za dunia nazo zinameza dayoksaidi ya kaboni kutoka hewani, na pH ya maji ya juu imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu kuanza kwa viwanda vikubwa.

Kwa hiyo somo lianze na chupa. Mililita 100 za maji ya bahari, matone machache ya methili oranji, na bureti yenye asidi ya hidrokloriki ya moli 0.01 kwa lita: vitu hivi si vigeni katika maabara ya shule. Maji safi ya bahari yatahitaji karibu mililita 23 za asidi kabla rangi haijageuka. Maji ya lile tangi la lita 200, baada ya gramu 10 za mfupa na bila chokaa, yatahitaji 13.